Chura wa Mama Yako

Mjukuu wangu Neema,

Barua yako imenikuta mzima hapa Kawe. Goti limetulia, na shangazi yako kapata kazi Kurasini. Unauliza kama wanao ni wadogo mno kupelekwa kwenye ile hifadhi ya mabwawa.

Mie nilimpeleka mama yako akiwa na miaka minne. Nilitaka aone viboko. Yeye akachuchumaa njiani, anamtazama chura kwenye matope.

"Mama, ngoja. Ona koo lake linavyocheza."

"Twende. Hatujaja kuangalia vyura."

Nikambeba analia. Viboko walikuwepo, wengi tu, lakini mwanangu alificha uso begani kwangu mpaka tukaondoka. Niliona aibu.

Wakati wa kurudi nikamshusha palepale, nikachuchumaa naye. Chura hayupo. Basi akanisimulia yote: alivyokaa, macho yake, lile koo. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Leo hii viboko nimewasahau, ila chura nisiyemwona namjua vizuri.

Wapeleke, mjukuu wangu. Karibu na maji usiwaachie mkono, na siku hiyo usipange shughuli nyingine.

Nakuombea heri,
Bibi yako