Mwanakhamis, Nilingoja Mwito wa Tatu

Mjukuu wangu, mke wangu wa utani, Mwanakhamis,

Mwandiko huu usiucheke. Unajua mimi niliishia darasa la pili; la tatu lilinikataa, na mimi nikalikataa, tukaachana kwa salama. Mwenye kichwa ulikuwa wewe. Nikikwambia, "Ukisoma sana utanidai talaka," unajibu, "Nshakuacha zamani, babu, ila hujui kuisoma hati."

Leo nnataka kuisema ile habari ya skuli.

Unaikumbuka, sekondari mpya tuliyoijenga baada ya Mapinduzi. Kila Jumapili Jang'ombe nzima ilitoka, wanaume mawe, wanawake chokaa. Mtihani wa kuingia ulikwisha kuufanya, ukawa unapita na karai kichwani unagawa vyumba: "Darasa hili langu. Dirisha hili langu." Nikakuuliza, "Na mimi mumeo nikae wapi?"

"Nje, na mbuzi."

Siku ya kusomwa majina ya watoto wa mwanzo, kuta zilikuwa bado mbichi. Bwana mmoja akapanda juu ya pipa na karatasi yake. Akasema, likiitwa jina la mtoto, mzee wake aitike. Baba yako keshakufa; mzee wako mimi.

"Mwanakhamis Juma!"

Nikakutazama. Umesimama na karai lako, macho yamekutoka. Nikasema moyoni, ngoja nimtese kidogo huyu. Mtu hodi hupiga tatu ndipo akaondoka. Na jina nalo, nilidhani, litaitwa mara tatu. Nikafumba mdomo, nikakukonyeza.

"Mwanakhamis Juma!"

Nikavuta pumzi, ili la tatu niliitikie kwa madaha, Jang'ombe yote isikie. Yule bwana akapiga mstari kwa kalamu, akaita mtoto mwengine. Mama yake akaitika palepale, wala hana kosa.

"Naam! Naam, bwana! Nipo!" Nikamkimbilia mpaka kofia ikanidondoka.

"Mzee, nafasi ishakwenda. Kiti kina mtu."

Watu wakacheka. Walinijua kwa masihara, wakadhani na hayo ni masihara.

Wewe hukucheka, hukulia. Uliniuliza tu, "Mume wangu, ulikuwa unangoja nini?" Kisha ukarejea kwenye shimo la chokaa kujaza karai. Mpaka jioni ukabeba chokaa ya skuli isiyokuwa yako.

Mwaka haukuisha ukaolewa kisiwani Tumbatu. Kila ulipokuja kunitazama ulipiga hodi mbili tu, ukangoja mpaka nifungue mwenyewe. Hukunambia kwa nini, na mimi sikukuuliza. Kisha uzazi ukakuchukua, wewe na mtoto.

Sasa alasiri, nikiwa peke yangu, nnasikia hodi mbili. Wallahi nnazisikia. Nnainuka na mgongo huu, nnafungua, hapana mtu. Kengele ya skuli inalia kule, watoto wanatoka na vitabu vyao, nami nnawatazama mmoja mmoja mpaka wanaishia. Majirani wanasema mzee ameanza kupotewa. Waache. Siku hizi nnaitika kila kitu. Hata mbuzi akilia, naam.

Ukija, mke wangu, usifike hata hodi ya pili.

Naam. Nipo.

Babu yako,
mumeo uliyemwacha