Ngozi ya Shokapu

Jumatatu, 2 Juni 2025
Probox inagonga tena mbele. Kila shimo la njia ya Kasoli — gwa! — na masufuria yanaitikia nyuma. Fundi Mayala kachuchumaa kidogo, kasimama: shokapu zote mbili za mbele zimekufa. Laki nne na nusu. Nimechoka! Mwezi wa tatu aliniambia bushi, wa nne beringi. Kaka Masele ndiye kafurahi. Gari linanila, anasema, nimuuzie yeye kwa milioni tatu. Milioni tatu! Jasho la kupika pilau za harusi za watu! Bila gari mimi mpishi wa sherehe gani? Na Jumamosi nina harusi Nkololo.

Jumanne, 3 Juni
Nimempigia baba, kule Kasoli. Nilitaka kulia tu. Kauliza: gari unampaje huyo fundi? Nampa funguo, naenda zangu sokoni. Kacheka mpaka kakohoa. Ng'ombe ukimweka kwa mtu akutunzie, anasema, unamtia alama kwanza. Akifa, mtunzaji analeta ngozi. Asipoleta, basi kala au kauza. "Mayu, mwanangu, ngozi ya hizo beringi uliiona?" Sikuiona! Hata risiti sikuiona!

Jioni nimetandika kitenge kuukuu, nikajisukuma chini ya gari — tumbo lilikataa, likaingia. Doti ya rangi nyekundu ya kucha kwenye kila shokapu, kwa ndani, pasipoonekana haraka. Jirani Siwema kapita, kauliza nafanya nini huko. Nikamwambia gari linakwenda harusini, nalipaka kucha.

Jumatano, 4 Juni
Gari liko gereji. Nimemwambia Mayala abadilishe, ila shokapu za zamani nazitaka. Za nini, dada, hicho si chuma chakavu? Nazitaka.

Alhamisi, 5 Juni
Nimeshinda! Nimeshinda, nimeshinda!

Mayala kanipa shokapu mbili kuukuu kwenye kiroba. Nikazigeuza. Moja ina doti yangu na inavuja mafuta — hiyo kweli marehemu. Ya pili haina kitu. Nikainama kwenye gurudumu la kulia. Shokapu yangu ipo palepale na doti yake, nzima, haivuji hata tone, kaifuta tope tu ing'ae kama mpya!

Sikupiga kelele, ingawa moyo ulitaka. Nikamwambia taratibu, kwa Kisukuma, mbele ya wateja wake: umeniletea ngozi ya ng'ombe wa mtu mwingine. Kisha mzee mmoja aliyekuja kuziba pancha akaanza kucheka, akashindwa kuacha. Mayala ni mtoto wa Nkololo, kwao zizi limejaa, hakuhitaji kufafanuliwa. Uso wake! Ningelipa kiingilio niuone tena.

Tukaanza upya: shokapu moja, ufundi wa moja, risiti ya duka mezani. Laki moja na themanini. Nimelipa noti moja moja, polepole, makusudi.

Jumamosi, 7 Juni
Nkololo kwenda na kurudi, kimya mbele! Watu wamekula wakasaza. Masele alikuwepo, kazunguka gari, kapiga teke tairi, kapandisha mpaka milioni nne. Nikamwambia aongeze nyama kwenye sahani yake, hapa hakuna kinachouzwa. Usingizi wa leo utakuwa mtamu.

Jumapili, 8 Juni
Natoka kanisani, mtu kakaa barazani kwangu. Mayala! Shati limepigwa pasi. Nikajua kaja kugombana, nikaushika mlango vizuri.

Kumbe! Tangu Alhamisi kila mteja anadai ngozi. Na risiti! Wenye maduka ya spea wao wamezoea kumpandishia fundi bei, wakijua atamtwisha mteja. Sasa hawezi tena kumtwisha mtu. Kuna injini ya mteja kaifungua, na bei ya vifaa aliyotajiwa jana ni wizi mtupu. Kaniomba, macho chini: dada Felisita, twende wote dukani, uongee wewe.

Mimi! Nimemwachia chai nje, nimeingia kubadilisha viatu, nacheka peke yangu kama chizi. Sijui hata hivyo vifaa vinafananaje. Duka linafungwa saa nane. Anaita — tunakwenda na gari lako, dada?

Nimemjibu ndiyo, la kwangu. Mafuta anaweka yeye.