Mtoto wa Kwenye Bango

Tarehe 9 Aprili

Dada mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi wazima, hatuna la kulalamika ila uchovu wa kukaa ndani. Wewe je? Kifua chako na baridi ya huko vinaelewana? Mama amenikataza kukutumia ujumbe wa maneno mawili. Anataka barua kamili, japo kwa barua pepe, maana kwenye simu hasikii vizuri, lakini barua naweza kumsomea kwa sauti akanirudisha nyuma anapotaka. Yuko hapa pembeni. Anajifanya anatafuta kifungo, kumbe anachungulia ninachoandika.

Tumbo limekuwa kubwa. Nikiisogelea cherehani, tumbo linafika kwanza. Kazi lakini ipo. Magauni hakuna anayeshona, maana sherehe zimepigwa marufuku, basi nashona barakoa kutwa. Watu wanachagua rangi kama wanaenda kuolewa. Jirani yetu fundi viatu ameomba ya kahawia ili isionyeshe uchafu. Nikamwambia yako ndiyo inayotakiwa ionyeshe, upate kuifua.

Kuhusu hizi amri, sijui nikueleze vipi. King'ora kinalia jioni jua likiwa bado lipo, na kikishalia, barabara ni ya askari. Wiki iliyopita walimkuta fundi viatu anaingiza viti vyake ndani, yuko mlangoni kabisa, wakamchapa mpaka akaacha viti. Asubuhi mtaa mzima ulimpa pole, na jioni mtaa mzima ulifunga milango mapema zaidi. Sokoni wanasema ugonjwa huu ni wa kutungwa, ila wanayasema hayo wakiwa wamevaa barakoa. Hapa watu wanaogopa rungu kuliko homa.

Shemeji yako Breki anaendesha teksi mchana tu. Unakumbuka walivyompa hilo jina, kwa kutembea mwendo wa jongoo. Anasema siku hizi hata abiria wanamsifu. Haraka ya nini, na hakuna pa kwenda?

Mama anauliza kama ni kweli huko kwenu watu wanatembea wanavyotaka. Aliwaona kwenye televisheni wamejazana bila kitu usoni. Anasema bora wewe uliyeko kwenye uhuru.

Tuombee. Mwezi ujao, Mungu akijalia, utaitwa mama mkubwa.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 17 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Barua yako nimeisomea kwenye ngazi za hospitali, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akanitazama. Nashukuru mpo wazima. Mimi kifua hakijambo. Shemeji Breki msalimie, mwambie mwendo huohuo, asibadilike.

Mwambie Mama uhuru huu angeuona kwa karibu asingeutamani. Mkubwa wa nchi hii alisimama akasema kila mtu ajiamulie mwenyewe, na watu wakaamua. Baa zimejaa. Juzi dukani mwanamume mzima alimfokea msichana wa kaunta kwa sababu tu aliombwa asogee nyuma kidogo. Alisema hajazaliwa mtu wa kumpangia jinsi ya kupumua, na foleni nzima ikampigia makofi. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka zamu, mikono bado inanuka dawa.

Siku hizi nasafisha wodi ya wanaoshindwa kupumua. Asubuhi nasalimiana na mtu, jioni natandika kitanda chake kwa ajili ya mwingine. Kulikuwa na bibi mmoja aliyeniita binti wa ndoo. Kila nikipita ananiambia nimpigie deki chini ya kitanda vizuri, maana wanawe wakija wataona aibu. Wanawe hawaruhusiwi kuingia. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Jana nimefika kwake nikakuta godoro tupu, nikapiga deki chini ya kitanda vilevile.

Kwa hiyo nitasema jambo ambalo hutalipenda. Nawaonea wivu. Nawaonea wivu hata hayo marungu yenu. Kama hapa wangechapwa wachache, wengine wakabaki ndani, wodi yangu ingekuwa na nafasi.

Nakusihi, mdogo wangu. King'ora kikilia mtu asitoke. Hata nyumba ikiwaka moto, kaeni uani. Na hospitali, kwa hali uliyonayo, msiende mpaka iwe lazima kabisa. Huko ndiko ugonjwa ulikojaa. Mama, najua unasikiliza. Naomba umsimamie.

Dada yako


Tarehe 2 Juni

Dada,

Salamu. Mama hajambo. Shemeji yako hajambo. Mimi usiniulize.

Najua umepiga simu sana. Breki alikwambia kwa kifupi, na mimi nataka kukuandikia yote mara moja, nisiulizwe tena.

Uchungu ulinianza mchana. Haukuwa mkali. Mama alitaka tuondoke palepale, mimi nikasema tungoje. Nilimwambia, dada amesema tusiende mpaka iwe lazima. Akarudi kuketi, maana yeye mwenyewe aliyasikia hayo nikimsomea. Jua likashuka, uchungu ukapanda, na king'ora kikalia tukiwa bado tunabishana mlangoni. Breki akasema potelea mbali, akanibeba mpaka kwenye gari. Siku hiyo aliendesha kama mtu mwingine.

Walitusimamisha darajani. Askari alikuwa kijana, barakoa imemkaa vibaya, pua yote nje. Hakutupiga wala hakututukana. Aliomba kibali. Breki akamwambia atazame kiti cha nyuma, kibali ndicho hicho. Akanimulika tochi, nikaona ameogopa kuliko mimi.

"Nikiwaachia bila ruhusa," alisema, "nitawekwa ndani mimi."

Akampigia mkubwa wake. Simu ikaita haikupokelewa. Akapiga tena, akapiga tena. Mama akashuka akapiga magoti barabarani, na yule kijana akawa anamwinua huku simu iko sikioni, anamwambia mama usinifanyie hivi. Muda gani tulikaa pale sijui. Simu ilipopokelewa hatimaye, alikimbia mwenyewe kuondoa yale mapipa waliyofungia njia. Nakumbuka pipa moja lilimshinda, akalisukuma kwa mgongo.

Hospitali walimtoa mtoto. Alikuwa wa kiume, mzito, nywele tele. Hakulia. Mkunga alisema laiti tungefika mapema kidogo. Alipokwisha kusema akajuta, akaanza kukunja mataulo ambayo yalikuwa yamekunjwa tayari.

Makaburini waliruhusu sisi watatu tu. Watu wa mtaa walisimama ng'ambo ya barabara. Fundi viatu aliinua mkono kutoka kule, akaushusha.

Sijui nimchukie nani. Yule askari nimejaribu, siwezi. Serikali haina uso wa kuutazama. Uso ninaoujua ni wako, Dada, na maneno ninayoyasikia nikilala ni yako. Ulituonea wivu marungu.

Tafadhali usiniandikie kwa sasa.

Kitinda


Tarehe 5 Juni

Mdogo wangu,

Umenikataza, na hii ndiyo mara moja tu nitakayovunja. Sina la kujitetea. Nililala hapa chumbani na viatu miguuni mpaka asubuhi. Pole, mwanangu wewe. Mpe Mama pole, na shemeji. Nitanyamaza mpaka uniruhusu.

Dada yako


Tarehe 30 Agosti

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu kidogo. Breki ananiambia umerudi kwenye cherehani, na kwamba Mama anakula. Mimi mzima. Nimenyamaza kama ulivyotaka. Leo naandika kwa sababu kuna jambo linalokuhusu, na sitaki ulisikie kwa mwingine.

Huku wodi zilijaa mpaka wagonjwa wakalazwa kwenye korido, ndipo serikali ikaanza kutoa amri. Barakoa madukani, baa zifungwe. Watu wamekasirika usipime. Wanaandamana mpaka kwenye lango la hospitali, wanasema sisi wa ndani ndio tunaotia chumvi. Mwenzangu mmoja wa zamu amemwagiwa kahawa kwa kuvaa sare tu.

Jumamosi nilikuwa natoka kazini, nimeinamisha kichwa nipite kando yao. Nikaona bango. Picha kubwa, na aliye kwenye picha ni wewe. Umekaa kwenye ngazi, umekumbatia kitambaa cheupe kifuani, Breki amesimama nyuma na mkono begani kwako. Chini yake wameandika kwa lugha ya huku: Amri zilimuua mtoto huyu.

Nyuma yangu ghorofani watu wanakata roho kwa sababu hawa hawataki kufunika mdomo, na hawa ndio waliombeba mtoto wetu. Nilimwendea aliyelishika nikitaka kulichana. Alikuwa mwanamke wa rika la Mama, amevaa raba za mazoezi. Nikashika mti wa bango, naye akashika, tukavutana kama watoto wanaogombea kiti. Akaniuliza nina ugomvi gani na mtoto aliyekwisha kufa.

"Huyo ni mdogo wangu," nikamwambia. "Mtoto ni wetu."

Alitazama picha, akanitazama mimi. Unajua tulivyofanana paji la uso. Akalishusha bango, akaliegemeza ukutani, wenzake wakatupita wakiimba. Akasema picha aliipata kwenye simu, na alipoiona alilia siku nzima. Akasema mumewe alifia humu ndani mwezi wa tano, na yeye hakuruhusiwa hata kumshika mkono. Alisimama palepale langoni mpaka wakamletea begi la nguo. Nikamuuliza mume alikuwa wodi gani. Akataja yangu. Huenda mashuka yake niliyatandua mimi. Sikumwambia.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilikuta mtu wa kawaida kabisa, anafuta pua kwa kiganja.

Kisha akaniuliza mtoto aliitwa nani.

Sikulijua. Mimi mama yake mkubwa nilisimama barabarani mdomo wazi. Miezi yote hii nimeshughulika na kosa langu, nimelilaza na kuliamsha, na sikuwahi kukuuliza jina.

Yule mama amesema ukitaka, ataacha kuibeba hiyo picha na atawaambia wenzake. Nijibu hilo tu, kama unataka iondolewe. Na hilo jingine, kama unaweza. Mlimwita nani?

Dada yako


Tarehe 21 Novemba

Dada,

Salamu. Natumaini kifua hakikusumbui. Mama aliugua, akalala muda, sasa anakaa nje kuota jua. Sikutaka ujue mapema ukose usingizi bure. Fundi viatu hatunaye. Ni ugonjwa huohuo. Alikohoa siku chache, akawa anasema ni vumbi la ngozi. Mtaani siku hizi hakuna anayesema umetungwa. Wanachosema ni kwa nini tulichapwa badala ya kuelezwa.

Barua yako niliisoma siku ileile ilipofika. Kujibu ndiko kulikonishinda.

Picha aliitoa Breki. Walikuja watu wakasema ikionekana, ile amri ya kibali itaondolewa kwa wanaokwenda kujifungua. Nilimkasirikia, ila hawakudanganya. Iliondolewa. Sasa mwenye uchungu anapita darajani bila kuulizwa. Jirani wa nyuma amepita, ana binti, namsikia akilia asubuhi ninapofungua cherehani. Kuna siku navumilia, kuna siku nafunga dirisha.

Baadaye picha ikashika njia zake. Walikuja wengine wakitaka nipande jukwaani niseme ugonjwa haupo. Fundi viatu alikuwa hata wiki hana kaburini. Mama aliwatoa na fagio.

Umeniuliza kama iondolewe. Nimefikiri sana. Yule mtoto alizikwa harakaharaka, watu wakimtazama kwa mbali. Hakuna aliyempakata ila mimi na baba yake. Basi mwache huyo mama ambebe. Mwambie tu afute yale maandishi. Amri ilikosea, na ugonjwa upo. Kama bango halina nafasi ya yote mawili, abebe picha peke yake.

Kukusamehe bado, Dada. Nakwambia kweli ili usiwe unanisubiri kila simu inapolia. Lakini niandikie. Mama anapenda kusomewa, na mimi nimechoka kuzirudia zile za zamani.

Jina. Karatasi ya hospitali imeandikwa mtoto wa kiume, basi. Mwandikishaji alisema ambaye hakulia haandikiwi jina. Lakini sisi tulimpa kabla hatujamfunika, Mama alimnong'oneza sikioni. Tulimpa jina la Baba yetu.

Kamwambie huyo mama. Na wewe ukiwa peke yako chumbani, liseme kwa sauti, umwite. Huko bado hakuna aliyemwita.

Mdogo wako