Tumbo la Kitanda cha Saba

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, na ukungu umekaa dirishani kama mgeni asiye na haraka.

Daftari langu, vua kofia, nina tangazo. Bandama langu, lililozaliwa juu kwenye milima ya Masisi na kunenepeshwa na homa za msitu wa Walikale, limepanda cheo. Sasa linafundisha. Asubuhi hii wanafunzi kumi na wawili wa uuguzi wamelibonyeza, na mimi mwenyewe, Zakaria muuza maziwa, sikuulizwa hata jina.

Ndivyo ilivyo hospitali hii kubwa ya serikali. Wagonjwa tunaletwa kwa kipoyi, mabegani mwa watu, na kwa lori, vijana wanajifunza juu yetu, kisha wanatumwa kutibu watu huko Pinga na Mubi. Sina ugomvi na hilo. Mimi niliyeshuka Itebero kuuza ndama nikarudi na tumbo la mjamzito, nani angenitibu kama hakuna aliyefundishwa? Waguse tu.

Hasira yangu ni nyingine.

Ng'ombe, kabla hujamkamua, unamwita jina lake, unampapasa mgongoni. Ukimvamia atakupiga teke, na ni haki yake. Lakini docta mzungu ananifunua shuka bila salamu, anasema Kifaransa juu ya kichwa changu, wanafunzi wanaandika, wanaondoka. Hadi leo sijui kama ninapona au ninakufa.

Na leo, kati ya wale kumi na wawili, alikuwamo Fabiani.

Fabiani amemposa binti yangu Veneranda; ng'ombe wa kwanza wa mahari ameshaingia kwangu. Kwetu mkwe haoni hata kifua cha baba mkwe, sembuse kumbonyeza chini ya mbavu. Tukikutana njiani, kijana huyu huniachia njia yote, yeye akapita kwenye majani yenye umande.

Zamu yake ilipofika alirudi nyuma, macho chini.

"Docta, unisamehe. Huyu njo baba mukwe yangu."

"Hapa hakuna mukwe! Hapa iko mugonjwa wa kitanda saba. Gusa, ao kesho usirudie ku masomo!"

Afukuzwe kwa sababu ya adabu! Miaka mitatu ya masomo itupwe kwa heshima aliyonyonya kwa mama yake! Na huyo docta anadhani Fabiani atakwenda kutibu nani huko milimani? Mawe? Nusu ya wagonjwa wake watakuwa wakwe, mashemeji na shangazi. Namna ya kumgusa mtu kama huyo bila kumvunjia heshima ndiyo ingekuwa somo la kwanza. Hawalifundishi. Hawajui hata kwamba lipo.

Mchana nilimsimulia Papa Mateso, jirani yangu wa kitanda cha nane, ambaye asubuhi ile alikuwa amepelekwa kufungwa kidonda cha mguu. Nikamwambia niliketi wima, nikamnyoshea docta kidole: "Hata ng'ombe anasalimiwa!"

Papa Mateso alicheka mpaka akashika mguu wake.

"Weye, Papa Zakaria? Na ile sauti yako ndogo ya kuomba chumvi?"

Wagonjwa wengine wakacheka, nami nikacheka nao, nikaapa kwamba ni kweli tupu.

Si kweli.

Sikuketi, na kidole changu hakikutoka chini ya mgongo wangu. Niliogopa kurudishwa nyumbani na bandama langu. Nilimwona Fabiani akitokwa jasho, docta akishika mlango ili amwonyeshe pa kutokea.

Kitu kimoja tu nilifanya. Nilivuta ile shuka waliyonifunua, nikajifunika uso mzima, tumbo nikaliacha wazi. Tumbo lisilo na mwenyewe.

Kisha nikasikia viatu vikisogea, na vidole vya baridi vikatua juu yangu polepole kuliko vyote vya asubuhi ile. Kabla ya kubonyeza alinong'ona, "Pole, Papa."

Kati ya wote kumi na wawili, pamoja na mwalimu wao, ni yeye peke yake aliyesalimu.

Sikumjibu. Baba mkwe hakuwapo pale.