Nilichomwambia Hubert Kwenye Helmeti

Mtaa wa Ogrodowa 14,
Lipnogóra.
Jumanne, 17 Septemba 2019

Mpendwa Kaka Bogumił,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo kaka? Mgongo umekuachia, au bado wanakusimamisha kutwa kwenye maji ya samaki? Shemeji Halina ananiambia huko Norwe baridi imeshafika, na ile sweta ya Mama umeivaa mpaka viwiko vimetoboka. Jitunze, hatuna Bogumił mwingine. Sisi huku miili ni mizima.

Viazi tumeshachimba, magunia kumi na manne, si haba kwa mwaka wa ukame kama huu. Halina anapika jemu ya plamu, nyumba nzima inanukia. Nimemtengenezea lile dirisha la jikoni lililokuwa halifungi. Paka wenu kazaa tena, watoto watano, na safari hii kazalia ndani ya viatu vyako vya bustani.

Najua utashangaa kuona barua. Kila Jumapili tunaongea kwa simu, sasa karatasi ya nini? Kaka, kwenye simu nimejaribu mara mbili. Mara zote mbili ulinitangulia kwa kunishukuru, nikameza. Hapa huwezi kunitangulia. Nakuomba usome mpaka mwisho, halafu ufanye utakavyo.

Tangu uondoke, baa ya Danka haina mazungumzo mengine. Mechi ile ya pikipiki televisheni inairudia kila wiki, na kila wiki watu wanabishana upya kama vile imechezwa jana. Mzee Edmund, yule dereva wa treni mstaafu, anakuja na karatasi yake ya mechi aliyojaza pointi kwa kalamu, anaitandaza katikati ya sahani za matango ya chumvi, na anaapa kwamba yule Mdenmarki aligusa gurudumu la nyuma la Hubert mwanao. Danka yeye anawalaumu watu wa televisheni. Anasema kipindi kina saa yake, hawakutaka kusubiri udongo usawazishwe. Wengine wanasema kijana alikuwa bado ana kizunguzungu cha kuanguka mara ya kwanza, na daktari alimwachia hivyo hivyo.

Juzi Edmund akaanza zile hadithi zake za zamani. Akasema waendeshaji wa siku hizi ni mayai, enzi zake mtu alipanda na plasta mguuni. Wacławek alivunjika mtulinga Alhamisi, Jumapili akachukua pointi kumi na mbili.

"Na leo huyo Wacławek yuko wapi?" Danka akamuuliza. "Vifungo vya shati lake anafungwa na mkewe."

"Lakini alipanda."

"Alipanda, babu. Kunywa bia yako."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka nao. Kaka, huko kucheka ndiko kunakonimaliza.

Maana pale ndani mimi ni mtu mkubwa siku hizi. Unaikumbuka ile picha waliyoionyesha mara nyingi, ya kwetu kule nyuma kwa mafundi, mimi nimemshika Hubert helmeti kwa mikono miwili, paji langu limegusa paji lake, namwambia kitu? Maneno hayasikiki, injini zilikuwa zinanguruma. Yule mtangazaji alisema, tazameni baba mdogo anavyomtia moyo mwanawe, huu ndio mchezo wetu. Wewe mwenyewe ulipokuja uliniambia hata kama hujui nilimwambia nini, unanishukuru. Sasa mashabiki wameichora kwenye kitambaa kikubwa, vichwa vyetu viwili, wanakitandaza jukwaani kila mechi. Nikiingia kwa Danka watu wanasimama, na glasi inafika mezani kabla sijaagiza. Natamani kubaki nyumbani, lakini nisipotokea wanakuja kunigongea kuniuliza kama naumwa.

Sasa nakwambia nilichosema.

Raundi ya tisa Hubert alianguka kona ya kwanza. Ule mwanguko watu waliuona mdogo, lakini kichwa kiligonga ubao wa uzio, niliusikia mlio. Aliinuka mwenyewe, akawapungia watu mkono, akaja kwa miguu. Nikamvua miwani. Akaniangalia, akaniuliza, "Ba'mdogo, leo tunapanda na nani?" Nikamwambia, na watu wa Wolnica. Nikageuka kuchukua maji, nikampa. Akanywa. Akaniuliza, "Ba'mdogo, leo tunapanda na nani?" Sauti ile ile, kaka, kama mtu ambaye hajawahi kuuliza.

Hapo nilitakiwa kwenda kwa daktari na kusema huyu basi. Ni maneno mawili. Daktari Pyrek alikuwa hatua ishirini kutoka tuliposimama, anamsafisha kidevu kijana wa Wolnica. Sikwenda.

Nyuma ya uzio watu wetu walikuwa wanaimba jina lake. Wiki mbili kabla, alipokaa nje kwa ajili ya kisigino, ni wao hao walimwimbia, "Hubert kalale, mama katandika." Kwenye gari alilia, hakutaka nikuambie. Nikaona, tukishinda leo timu inapanda daraja, na nikimtoa tukashindwa, hawatamsamehe maisha yake yote, na mimi vilevile. Kwamba angeweza kufa sikufikiria hata kidogo. Nilimwogopa Edmund na kalamu yake. Niliiogopa ile meza ya kwa Danka.

Maswali ya daktari nayajua, nina miaka kumi na tisa kule kwa mafundi. Leo siku gani, uko wapi, mnashindana na nani, matokeo yakoje. Kwa hiyo nikamshika helmeti nikamwambia sema nyuma yangu. Jumapili. Lipnogóra. Wolnica. Thelathini na moja kwa ishirini na tisa. Mara ya kwanza alikosea mji. Tukarudia, mara nne, mara tano, kama Mama alivyotufundisha sala, mpaka yakatoka bila kusita. Hiyo ndiyo picha iliyoko kwenye kitambaa.

Daktari akaja, akamvua helmeti, akamtazama macho, akamwambia afuate kidole, akafuata. Akamuuliza yale manne. Akajibu manne, moja baada ya jingine, kwa mpangilio niliompa. Daktari akaandika kwamba anafaa kupanda. Akanigeukia akaniuliza, "Bwana Wiesław, unamwonaje wewe? Unamjua kuliko mimi." Nikajibu, yuko sawa.

Raundi ya kumi na mbili uliiona. Wanabishana gurudumu liliguswa au halikuguswa. Halikuguswa. Kona ya tatu wenzake walikata kushoto, yeye akanyoosha mpaka kwenye ubao, kama mtu anayekwenda zake nyumbani. Mashine hizi hazina breki, kaka, wewe ndiye uliyenifundisha kuzifungua na kuzifunga. Mtu asiyejua ni siku gani, mimi nilimkalisha juu ya mashine hiyo na kumsukuma mgongoni.

Sasa nafika mahali pagumu kuliko pote. Siku ile Halina alipokupigia analia kwa furaha, akisema Hubert amekumbuka, mimi nilikuwa chumbani mwake hospitali. Nesi alimuuliza leo siku gani, akasema Jumapili. Ilikuwa Jumatano. Akamuuliza uko wapi, akasema Lipnogóra, na akataja Wolnica na matokeo bila kuulizwa. Madaktari wa pale walikuwa wamesema siku ile imefutika yote kichwani mwake. Halina akaona hapo mlango umeanza kufunguka. Wewe ukaniambia kwenye simu kwamba kama matokeo yamerudi, na mengine yatarudi, utamngojea hata miaka.

Kaka, hakukumbuka. Ni maneno yangu. Mwenyewe alikuwa hayajui hata siku yenyewe. Nimwulize lolote leo, jambo la kwanza linalotoka ni hayo manne, na kila nikienda ananiambia kwa uso wa mtoto aliyejifunza vizuri, anangoja nimwambie sawa. Na mimi namwambia sawa. Pengine mengine yatarudi kweli, mimi si daktari, na sitaki kukuzimia taa. Lakini hilo usilihesabu.

Wakati huo wote Daktari Pyrek anachinjwa. Wamevunja mayai kwenye dirisha la zahanati yake. Wagonjwa wamehamia kwa yule wa Mtaa wa Kościelna. Tume ya mchezo itakaa Alhamisi tarehe 3 Oktoba kuamua kama anyang'anywe kibali cha kusimamia mashindano, na watu wanasema wakimaliza hapo watampeleka mbele zaidi. Edmund aliandika barua ya malalamiko, kwamba daktari alisema uongo, kijana hakuweza kujibu lolote, kila mtu alimwona kwenye televisheni anayumba. Akaileta kwa Danka, akaniwekea kalamu mbele yangu. Akasema jina la kwanza liwe la familia. Watu arobaini wamesimama wananitazama.

Nikasaini. Jina langu ndilo la kwanza.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake zahanati ili nimwambie. Mabenchi matupu, mimi peke yangu. Aliponiona alisimama nyuma ya meza, akafikiri nimekuja kumtukana. Nikamwambia nina presha. Akanipima, ilikuwa juu kweli. Akaniuliza Hubert anakulaje, analalaje, anatembea hatua ngapi na ile fimbo. Halafu akasema, pole pole, hata hakuwa ananitazama:

"Kila siku narudia. Nilimuuliza manne, akajibu manne. Nilikosea lipi, bwana Wiesław? Wewe ulikuwepo. Nilikosea lipi?"

Nikasema sijui, daktari. Akaniandikia vidonge. Nilipofika mlangoni akaniambia nipunguze chumvi.

Nimekuwa kama mtu aliyeingia mwenyewe kwenye pipa halafu akaomba watu wafunike. Nikienda kwa Danka nafungwa na asante. Nikienda zahanati nafungwa na swali. Nikienda kwa Hubert nafungwa na macho yake. Nikikaa nyumbani simu inalia, ni wewe, unaniuliza kama nimekula.

Asubuhi hii nimewaandikia tume. Kurasa mbili, yote niliyokueleza hapa, pamoja na kuomba jina langu lifutwe kwenye karatasi ya Edmund. Nimeituma kwa rejista saa mbili na nusu, posta ilipofungua, kabla sijaanza kukuandikia wewe. Nilifanya hivyo makusudi. Ningekuandikia kwanza ningepata sababu ya kusubiri jibu lako, najijua. Sasa haiwezi kurudi. Kibali changu cha ufundi watanichukulia, na ni haki. Mashabiki wamekodi basi kwenda kwenye kikao, na kitambaa watakibeba. Mimi nitapanda treni.

Halina bado sijamwambia. Nataka wewe uwe wa kwanza kusikia, na usikie kutoka kwangu. Barua za kwako huchukua siku nane, tisa. Ukiipata, amua wewe kama utamwambia au nimwambie mimi. Usipopiga mpaka Jumanne ya tarehe moja, nitakwenda kumwambia mwenyewe jikoni kwake, asije akasikia kwenye televisheni.

Sikuombi unisamehe. Uliniambia pale stesheni nimwangalie kama wangu, na ninaye binti mmoja tu, kwa hiyo niliujua uzito wa neno hilo. Usinitafutie sababu, kwamba ni mchezo, ni presha ya mechi, kila fundi angefanya. Wengine wangefanya. Aliyefanya ni mimi.

Jumapili hii utapiga simu na barua itakuwa bado njiani. Sitapokea. Si kwamba nakukimbia, ila asante nyingine siwezi. Nitakuwa kwa Hubert. Jumapili mimi ndiye ninayemnyoa ndevu, mkono wa Halina unatetemeka na manesi wanamkwaruza. Anafumba macho, ananiachia shingo yote. Wembe wake unakaa kwangu, naunoa Jumamosi. Ukishasoma, ukisema nisikanyage tena kile chumba, nitampa Halina wembe mlangoni na sitabisha. Lakini Jumapili hii hujasoma bado, kwa hiyo nitakwenda, nitamnyoa taratibu.

Msalimie binamu Zenon, na Bożena mkewe, umwambie zile mbegu za kabichi nimezipata. Shangazi Gertruda anakusalimu, anauliza kama huko mna kanisa la kwetu. Binti yangu Kinga anakubusu.

Mungu akushike mkono kwenye hizo barabara za barafu, akurudishe kwa mwanao ukiwa mzima.

Wako akupendaye, hata ukiona sina tena haki ya kuliandika neno hilo,

Mdogo wako,
Wiesław (Wiesiek wako)