Meja hana kiburi, nyonga zinamuuma

Fransiska,

Baba yako amempeleka Meja kwa daktari wa mifugo Dongobesh. Maharage yaongeze maji. Ng'ombe bado hajanywa.

Asubuhi umempiga Meja kwa kandambili, eti hakusimama kwa miguu ya nyuma kukupa shikamoo. "Mbwa ana kiburi huyu!" Kiburi gani, mtoto wa miezi mitano? Hujaona anavyopanda baraza akirukaruka kama sungura, miguu ya nyuma kwa pamoja? Baba yako alipomgusa nyonga, alilia. Na baba yako, aliyewahi kumfukuza fisi wa Balangdalalu kwa kumkoholea tu, naye machozi yakamtoka. Ulikuwa moshi wa jiko lako.

Daktari amesema kwenye simu kwamba mbwa wa mbegu kubwa huanza hivyo hivyo, na akiwahiwa anasaidika. Asinenepeshwe, na asisimamishwe tena kwa miguu miwili.

Usiulize nani alimfundisha salamu ile. Ni ~~mumeo~~ baba yako.

Tukirudi, wewe ndiye utakayeinama kumsalimia. Marahaba ataitikia kwa mkia.

Baba yako kwa leo, mumeo tena kesho (bado amekasirika)