Komeo la Editha

Mwanangu Modesta, huko Dakawa,

Naandika kwa mkono wangu, sijaandikiwa na mtu. Kabichi zangu mwaka huu hazina mpinzani mlimani kote.

Mwanao Editha na kichanga chake wapo kwangu tangu mwenye nyumba wa mjini alipowatupia vyombo nje. Alikuja hasemi, halali. Nikimtania, "Mke wangu, leo unanipikia nini?" ananitazama tu. Akaja dada wa ushauri nasaha kutoka chama cha kusaidia wanawake, Shadia. Nikamfukuza, ukoo wetu hauna wendawazimu. Akarudi, mbishi kunishinda! Akamuuliza Editha anataka nini. Akajibu, "Chumba chenye komeo kwa ndani. Yule baba mwenye nyumba alikuwa anaingia tu." Mwanangu, hapo nilitoka nje.

Shadia akasema chama chao kitampangia chumba mjini. Editha akachagua kwangu, angechagua wapi? Komeo nimelichonga mwenyewe kwa mti wa mkenge. Sasa analala. Shadia huja kila Jumanne kuongea naye, nami humchemshia chai.

Jana Editha kaliangalia, kacheka: "Mume wangu mzee, mbona limekaa upande?"

Kulinyoosha naweza. Nimeliacha, aendelee kunicheka.

Ni mimi baba yako, fundi,
Severin